Tumbo-Mgongo ya Watatu

Mimi ni mwalimu wa gredi ya tatu hapa Bungoma, na mwezi wa pili mwaka huu niliwaadhibu watoto wawili kwa kosa nililolifanya mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa. Niliwagombeza mbele ya wenzao mpaka mmoja akalia. Kisha nikarudi darasani, nikakaa kwenye kiti changu na kujifanya nasahihisha vitabu.

Kosa lenyewe lilihusu mchezo ambao kwetu tunauita tumbo-mgongo. Mnasimama duara, kila mtu ameficha mkono nyuma, mnahesabu moja, mbili, tatu, halafu wote mnatoa mikono kwa pamoja. Unatoa tumbo la mkono, yaani kiganja kikiangalia juu, au unatoa mgongo wake. Aliye tofauti na wengine wote, akiwa peke yake, ndiye ameshikwa, na kazi iliyokuwa inagombaniwa inakuwa yake. Mkiwa kumi mnaweza kurusha mikono mpaka mchoke bila kumpata huyo wa peke yake. Mkiwa wanne, mara nyingi mnagawanyika wawili kwa wawili, mnacheka, mnarudia. Watatu ndio wanaoumaliza upesi. Wawili hawachezi kabisa, kwa sababu mmoja akitoa tumbo na mwenzake mgongo, sasa nani yuko peke yake?

Darasani kwangu watoto huutumia kuamua nani atakayeleta maji ya kunawa mikono kutoka kwenye tangi. Wako arobaini na wawili, na bila kufundishwa na mtu walijigawa watatu watatu, kila kundi na siku yake. Kundi moja lilikuwa na Tonny, rafiki yake wa karibu, na msichana mmoja mkimya anayeitwa Jelagat. Nilikuwa nimeona kwamba kila zamu ya kundi hilo ikifika, Jelagat ndiye anayebeba mtungi. Nikasema ni bahati yake mbaya, nikaendelea na mambo yangu.

Siku hiyo nilikuwa kwenye zamu ya mapumziko. Nikawaona wale watatu wanarusha mikono. Wote tumbo. Wakarudia, wote tumbo. Wakarudia tena na tena, chai yangu ikapoa nikiwatazama, kengele ikalia, na mtungi ulikuwa bado mtupu.

"Ni nini hii?" nikawauliza.

"Ticha, hawa wawili wameongea," Jelagat akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa amechoka mkono tu. "Kila siku wanatoa tumbo. Mimi nikitoa mgongo nashikwa. Sasa nimekataa. Na mimi natoa tu tumbo. Haitaisha."

"Ticha, si ni yeye ndio anaharibu mchezo," Tonny akalalamika.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Niliwaambia wale wavulana kwamba wawili kumwonea mmoja ni uoga, kwamba mtu anayepanga mkono wake kabla ya mchezo ni mwizi kama mwizi mwingine, na kwamba watabeba maji wao wawili mpaka shule zifungwe. Nilisema vizuri, hata mwalimu wa darasa la jirani alitoka kusikiliza. Lakini neno la Jelagat lilikuwa limenichoma: haitaisha. Kwa miaka kumi na sita sikuwahi kufikiria kwamba yule wa tatu anaweza kukataa. Dada yangu Kui alikuwa wa tatu, na hakukataa. Alirusha tumbo mara mbili kama sisi, na mara ya tatu akageuza mkono. Kwa nini aligeuza?

Kui ni kitinda mimba wetu. Wa kwanza ni Wanyoike, mimi ni wa pili. Wazazi wetu walikuja Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyahururu, wakapata shamba dogo karibu na Kiminini, mahindi mbele na ng'ombe wawili nyuma. Baba, Mzee Mbogo, alipenda kujiunga nasi kwenye tumbo-mgongo Jumapili baada ya chakula, wakati wa kuamua nani ataosha sufuria. Tukiwa wanne mchezo ulikataa kuisha, na mara nyingi mama alichoka kungoja akaziosha mwenyewe. Mimi nilidhani ni bahati. Kui, akiwa na miaka kumi na moja, alichukua kipande cha kaa jikoni akaenda kwenye ghala la mahindi na kuandika ukutani herufi T na M kwa mistari, njia zote ambazo mikono inaweza kutoka. Kisha akatuita.

"Tukiwa watatu kuna njia nane, na kwa sita mtu anashikwa," akasema. "Tukiwa wanne ziko kumi na sita, na ni nane tu ndio zinashika mtu. Ndio maana baba anapenda tuwe wanne."

"Nyamaza wewe," baba akamwambia huku akicheka, "mama yako asisikie."

Baba alifariki mwaka wa 2006, na mchezo ukabaki wa watatu. Ulikuwa umeacha kuwa mchezo, kwa sababu mama aliuchukua kama kura ya kanisani. Yeye alisema mkono hauna upendeleo, Mungu ndiye anayeugeuza, na kulalamikia mkono ni kumlalamikia Mungu. Kwa hiyo nyumbani kwetu mtu akishikwa anainuka na kwenda. Wanyoike alishikwa akalala na ng'ombe mgonjwa siku tatu bila kununa. Mimi nilishikwa nikatembea mpaka Kitale na gunia la sukuma wiki kichwani. Nasema haya ili ieleweke tulichoiba.

Mwaka wa 2009 mama alipata kiharusi akiwa anapalilia. Upande wake wa kulia ulikufa wote, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Aliporudi kutoka hospitalini ilibidi mmoja wetu abaki nyumbani: kumlisha, kumgeuza, kumwosha, kukamua, kulima. Wanyoike alikuwa na miaka ishirini na mmoja na ndio tu alikuwa amepata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kitale. Mimi nilikuwa na barua ya kuingia chuo cha walimu. Kui alikuwa kidato cha pili. Jirani alipendekeza tuandike mtu, mama akakataa katakata.

"Sitaoshwa na mtu wa kuja," akasema. Neno hilo lilimchukua dakika nzima kulitoa. "Msigombane. Pigeni. Mungu achague."

Kabla ya kupiga, Wanyoike alinivuta nyuma ya boma la ng'ombe.

"Bilha, mimi nikiacha hiyo kazi hawatanishikia nafasi. Na wewe chuo ukikosa mwaka huu umekosa. Kui bado ni mdogo, shule anaweza kurudi. Si unaona?"

"Naona."

"Basi toa tumbo. Mimi natoa tumbo. Kila mara. Usibadilishe, bana."

"Sawa," nikasema.

Neno hilo moja tu. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilibishana naye kwanza, kwamba alinilazimisha, kwamba nililia. Sikubishana wala sikulia. Nilisema sawa, nikafunga kamba ya kiatu changu, nikamfuata ndani.

Tulisimama kando ya kitanda cha mama. Kui alikuwa bado amevaa sweta ya shule. Tukahesabu, tukatoa: wote tumbo. Kui akaangalia mikono yetu. Tukarudia: wote tumbo. Safari hii hakuangalia mikono, alimwangalia Wanyoike usoni, kisha akaniangalia mimi, nami nikageuka nikaangalia kalenda ukutani. Tukahesabu mara ya tatu. Nilipotazama chini, mikono miwili ilikuwa tumbo na mmoja mgongo, na ule mmoja ulikuwa mdogo kuliko mingine.

"Ni mimi," Kui akasema.

Mama alilia na kumshukuru Mungu kwa kuchagua. Wanyoike alisema amina. Wiki hiyo hiyo Kui alienda shuleni mwenyewe kumwambia mwalimu wake, akarudi na vitabu vyake ndani ya mfuko wa unga, na hakurudi tena, si muhula uliofuata wala mwaka uliofuata.

Sijui niseme nini juu ya maisha yake ambacho hakitanirudia mimi usoni. Alijifunza kumwinua mama peke yake, na mama ni mzito kuliko yeye. Alikuwa akihesabu mpaka tatu kwanza, na mama akajua kwamba kwenye tatu anajikaza. Kila asubuhi aliusugua ule mkono wa kulia kwa mafuta, kidole baada ya kidole. Hata hivyo mkono ulikauka polepole ukiwa umelala chali, vidole vimekunjika kidogo, kiganja juu. Haugeuki tena upande mwingine. Kui alinunua mashine ya kufuma, akawa anafuma sweta za shule zote za pale Kiminini, shule ambazo watoto wanaovaa sweta hizo walimzidi elimu baada ya miaka michache. Lakini walikuwa wakija kwake na hesabu zilizowashinda. Alikuwa akiwafundishia kwenye ukuta wa ghala, kwa kaa, kando ya yale maandishi yake ya zamani ambayo hakuyafuta. Vijana wa bodaboda wanamwita Profesa. Akicheka hatoi sauti, mabega tu ndiyo yanayotikisika. Na hapendi kuhurumiwa. Mama mchungaji aliwahi kumwambia maskini mtoto wetu, Kui akamwuliza kama sweta aliyoagiza ni ya mikono mirefu au mifupi.

Mimi nilikuwa nikienda nyumbani mara mbili kila muhula, na sukari, na mafuta ya kupikia, na sauti yangu ya ualimu. Majirani walinisalimu kwa heshima. Wageni wakija, mama alikuwa akimwonyesha Kui kwa mkono wake mzima, ule wa kushoto, na kusema, "Huyu alichaguliwa na Mungu." Nami nilikuwa natafuta kitu cha kufanya, kikombe cha kuondoa au kuku wa kufukuza. Krismasi ya mwaka mmoja nilimletea Kui gauni. Lilikuwa la kipimo changu. Nilikuwa dukani sijui kipimo cha dada yangu, nikajipima mimi. Kui alilipokea kwa mikono miwili, akalishona upya kiunoni, akalivaa kanisani.

Miaka mitatu iliyopita alikuja mtu mmoja kutoka Matulo, anaitwa Hesbon, anapandikiza miche ya avokado na kuipeleka mashambani kwa pikipiki. "Mama, nimereta miche," alimwambia mama siku ya kwanza, r na l zikibadilishana mdomoni mwake, "iko na mizizi mizuli sana, itazaa halaka." Mama alimpenda pale pale. Alileta miche kumi, kisha akarudi kuiangalia kama imeshika, kisha akarudi kuiangalia kama imeendelea kushika, na hakuna avokado duniani iliyoangaliwa namna hiyo. Kui alimwambia wazi kwamba hawezi kuondoka. Hesbon akasema atangoja, na akangoja. Mwaka huu, mwezi wa tatu, alikuja na wazee wake. Kui alikubali kwa sharti moja, kwamba sisi ndugu tukae chini tuseme mama ataishi wapi. Kukaa kwa mkwe hakuwezekani. Kwetu hilo halifanyiki, na mama mwenyewe alisema afadhali alale na ng'ombe.

Tulikutana likizo ya mwezi wa nne. Wanyoike siku hizi ana duka lake mwenyewe Kitale. Alikuja na pikapu, bila mke wake Nyaruai, na sababu zake zilikuwa zimepangika kama misumari dukani: anaishi ghorofa ya tatu, hakuna lifti, Nyaruai ana presha. Zangu pia nilikuwa nimezipanga. Nyumba ya vyumba viwili, ya kupanga. Watoto arobaini na wawili. Nashinda shuleni. Tulipokezana sababu, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kuwa mtoto mzuri, na Kui aliingia na kutoka na chai bila kusema neno. Mama alitusikiliza kwa muda, kisha akapiga meza kwa mkono wa kushoto.

"Pigeni," akasema. "Mungu achague."

Kui alikuwa mlangoni na sinia.

"Mimi sichezi," akasema. "Yangu nilishacheza."

"Ati huchezi?" Wanyoike akashtuka. "Sasa mimi na Bilha tutacheza aje? Wawili hawachezi."

Ilikuwa kweli, wawili hawachezi. Wakiwa wawili hakuna pa kujificha. Lazima mmoja afungue mdomo aseme, mimi. Nilijua ni mimi ninayepaswa kusema. Nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya Jelagat na mtungi wake. Lakini mdomo wangu, ambao watoto wa watu waliusikia vizuri sana, siku hiyo haukufunguka.

Mama ndiye aliyetuokoa. Alichukua mkono wake mgonjwa kwa ule mzima, akauinua kama anayeinua kitu cha mtu mwingine, akauweka mezani katikati yetu.

"Mimi wa tatu," akasema.

Mkono ulilala pale chali, vidole vimekunjika. Kila mtu chumbani alijua kwamba mkono huo hauwezi kutoa kitu kingine isipokuwa tumbo. Sasa ilibaki mimi na Wanyoike. Kama sote tungetoa mgongo, mama angekuwa peke yake, ameshikwa abaki na nafsi yake. Kama sote tungetoa tumbo, tungerudia. Na kama mmoja wetu angegeuza mkono, huyo ndiye angeondoka na mama.

Wanyoike akaniangalia. Ilikuwa sura ile ile ya nyuma ya boma la ng'ombe, na nywele zake sasa zina mvi.

Moja, mbili, tatu: wote tumbo.

Moja, mbili, tatu: wote tumbo. Nilisikia sinia ikitikisika mlangoni. Sikugeuka.

Mara ya tatu nilitoa mgongo.

"Basi Mungu ameamua," Wanyoike akasema, haraka haraka, kama mtu anayefunga duka kabla mteja hajarudisha mali. Mama alinishika kidole kwa mkono wa kushoto, akalia kidogo, akashukuru. Mimi nilisema tu kwamba nitakuja kumchukua shule zikikaribia kufunguliwa.

Baadaye, mchana huo huo, nilimfuata Kui ghalani. Alikuwa anachota mahindi ya kuku. Yale maandishi yake ya kaa yalikuwa bado pale ukutani, mistari minane, sita imezungushiwa duara la mtoto.

"Ulijua Wanyoike atatoa tumbo," akaniambia bila kuinua kichwa.

"Nilijua."

"Na mkono wa mama haugeuki."

"Haugeuki."

"Kwa hivyo ulijitoa."

Nitasema ukweli ingawa naona haya hata kuuandika: nilikuwa nangoja anishukuru. Nilikuwa nimesimama pale kwenye vumbi la mahindi nikidhani nimelipa.

"Hata mimi nilijua," Kui akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile siku. Raundi ya kwanza wote sawa, hiyo ni kawaida, hata hapa nimeiandika." Akagusa ukuta. "Ya pili nikawaangalia. Wanyoike alikuwa ameuma mdomo. Na wewe ukaangalia kalenda. Bilha, hiyo kalenda ilikuwa ya mwaka umeisha."

Nilikaa juu ya gunia.

"Si ungekataa?" nikasema. "Ungeendelea kutoa tumbo kama sisi. Haingeisha."

"Haingeisha, ndio. Na mama alikuwa amelala pale na mkojo, anangoja kujua ni nani atambadilisha." Akafunga gunia, akalikaza kamba. "Mtu mmoja ilikuwa lazima amalize."

Kwa hiyo Mungu hakumchagua, na hata sisi hatukumshinda. Alituona tumesimama mbele ya mama yetu na viganja vyetu wazi, wezi wawili, na akatuachia. Miaka kumi na sita nilikuwa nikiogopa siku atakayojua, na hakuna siku hata moja kati ya hizo ambayo hakujua. Alijua nikileta sukari. Alijua akilishona upya lile gauni.

"Nisamehe, Kui. Leo nimejaribu kufanya ulichofanya wewe."

"Nimeona," akasema. Mabega hayakutikisika, lakini sauti ilikuwa ya upole, kama vile anavyowasahihishia watoto hesabu. "Tofauti ni kwamba wewe leo uko na miaka thelathini na mitano. Mimi nilikuwa na kumi na sita."

Kuku walikuwa wamekusanyika mlangoni. Nikasema nitamwambia mama, sasa hivi, kabla Wanyoike hajaondoka, nitamwambia kila kitu, na nikainuka kweli. Kui alisimama mbele yangu na ndoo yake ya mahindi.

"Usimwambie."

"Lazima ajue."

"Ajue ili wewe upumue?" Ndiyo mara ya pekee aliyopandisha sauti. "Mama amevumilia miaka yote hiyo kwa sababu Mungu ndio alichagua. Akijua si Mungu, atajua ni watoto wake. Hiyo hutampatia. Kaa nayo."

Akatoka kuwamwagia kuku.

Kui anafunga ndoa mwezi wa nane, kanisani Kiminini, kisha ataenda Matulo kwenye miche. Amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi, na Hesbon anawaambia watu wote kwamba mke wake ni mwanafunzi. Mama yuko kwangu tangu mwisho wa likizo. Jirani yangu Jepkemboi humchungulia asubuhi, nami hukimbia nyumbani saa ya chakula cha mchana na vumbi la chaki nguoni. Nimejifunza kuhesabu mpaka tatu kabla ya kumwinua. Mwanzoni nilimwinua kwenye mbili, akanung'unika kwamba Kui hakufanya hivyo. Shuleni, Tonny na rafiki yake walibeba maji mpaka shule zilipofungwa. Zilipofunguliwa nilimwita Tonny kando nikamwambia nilimgombeza kupita kiasi. Aliniangalia kama mtu aliyeona ng'ombe akiongea.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nausugua ule mkono wa kulia kwa mafuta. Mama hunitazama nikifanya hivyo, na karibu kila asubuhi husema maneno yale yale, polepole, kwa furaha: "Mungu anajua kuchagua. Kwanza Kui. Sasa wewe."

"Amina," nasema.

Nasema kwa sababu Kui aliniambia nikae nayo. Lakini kuna jambo moja ambalo hata na Kui hatukuliongea, na hunijia nikiwa nimeushika mkono ule. Siku ile mezani, mama alikuwa na mkono mwingine. Wa kushoto ni mzima, ndio aliopigia meza, unageuka tumbo na mgongo bila shida yoyote. Aliuacha huo, akautumia kuinua ule usioweza kugeuka, akauweka mbele ya watoto wake wawili akatungoja. Ningeweza kumwuliza kwa nini. Tuko wawili tu nyumbani, na nafasi ninayo kila siku. Sijamwuliza, kwa sababu naogopa atanijibu.

Namalizia kidole cha mwisho, naufuta mkono kwa kitambaa, na kuurudisha mapajani mwake jinsi unavyokaa, kiganja juu.